Kukoroma Kumekwisha, Pumzi Je?



Barua tuliyoichagua wiki hii imetoka kwa mama wa watoto wanne, mkaaji wa ng'ambo ya kivuko, ambaye mumewe ni dereva wa lori la makontena baina ya bandari ya Mombasa na Nairobi. Miaka miwili iliyopita mume huyo alipimwa akaonekana kuwa na maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Jamaa walichanga, ikanunuliwa mashine ya kusukuma hewa, naye akawa anaivaa usiku mmoja na kuiacha mitatu, akilalamika kwamba hawezi kulala akiwa amefungwa uso kama farasi aliyetiwa hatamu. Mwaka jana akafanyiwa upasuaji wa koo: mafindofindo yakatolewa, kimio na ukingo wa kaakaa laini vikapunguzwa. Kidonda kilipopona, nyumba ikanyamaza. "Tangu hapo hata mimi nimepata kulala," anaandika mama huyu. Mashine ikatolewa ikapewa ami yao watoto, ambaye naye hukoroma. Sasa, miezi minane baadaye, mume anaamka na kichwa kizito, anasinzia barazani baada ya Isha na mazungumzo yangali moto, na safari iliyopita utingo wake alimgutusha akiwa ameshika usukani, si mbali na Voi. Mama anauliza mawili. Je, maradhi yamerudi? Na je, kuidai mashine si kumvunjia shemeji heshima?

Tunajibu la pili kwanza kwa kuwa ni fupi. Mashine irudi, na irudi juma hili. Shinikizo lake lilipangwa kwa koo la mtu mmoja baada ya kupimwa, na ami hakupimwa. Huenda likawa dogo kwake akadhani anatibiwa ilhali hatibiwi, au likawa kubwa akashindwa kuivumilia na kuichukia kabla hajapata yake. Kumwambia hivyo hakumpunguzii heshima. Naye aende akapimwe kwa niaba ya nafsi yake. Na dereva wetu, mpaka atakapopimwa upya, asishike usukani wa lori. Twajua maana ya neno hilo kwa nyumba inayokula kwa safari. Tumelifikiria na bado tunalisema, kwa sababu barabara ile ina watu wengine pia.

Swali la kwanza linahitaji maelezo marefu zaidi. Jibu letu ni kwamba huenda maradhi hayakurudi, kwa kuwa huenda hayakuondoka.

Koo la mwanadamu, kuanzia nyuma ya pua hadi penye sanduku la sauti, halina mfupa wa kulishika wazi. Hushikwa na misuli. Mtu akiwa macho misuli hiyo hukaza, akilala hulegea. Ulimi ukarudi nyuma, kaakaa likashuka, kuta za koo zikasogeleana. Njia ikiwa nyembamba, hewa hupita kwa kuzitikisa nyama hizo, na mtikisiko huo ndio mkoromo. Njia ikifunga kabisa hakuna mkoromo tena, kuna kimya. Kifua kinahangaika, hewa haiingii, oksijeni katika damu inashuka, mpaka ubongo umshtue mwenyewe nusu macho nusu usingizini. Hapo huvuta pumzi kwa kishindo, akageuka, akalala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Anayekumbuka ni mkewe.

Madaktari, ambao kwenye kadi za hospitali huandika maradhi haya kwa herufi OSA, huhesabu mara ngapi kwa saa pumzi ya mtu hukatika au kupungua sana kwa muda wa sekunde 10 au zaidi. Chini ya mara 5 kwa saa, kwa mtu mzima, si neno. Kati ya 5 na 15 ni maradhi mepesi, kati ya 15 na 30 ni ya wastani, na kutoka 30 kwenda juu ni makali. Mwenye hesabu ya 30 hushtuliwa kila dakika mbili usiku kucha. Si ajabu basi akiamka amechoka kuliko alivyolala, kichwa kinamuuma, na usiku ameinuka mara tatu kwenda msalani. Moyo nao hauachwi nyuma. Maradhi haya huambatana na presha isiyosikia dawa, mapigo ya moyo yaliyovurugika, kiharusi, na kisukari kigumu kudhibitiwa.

Sasa tuangalie alichofanyiwa mume wa msomaji wetu. Kimio na ukingo wa kaakaa laini ndivyo vinavyopepea na kupiga kelele zaidi mtu anapokoroma. Vikipunguzwa, kelele hupungua au kwisha. Lakini mara nyingi koo hufunga kwa nyuma zaidi, penye shina la ulimi, na mahali hapo kisu hicho hakikufika. Ni sawa na kuondoa kengele ya mlango, kisha kudhani wageni wameacha kuja. Hili ndilo linalotutia hofu katika barua hii. Kwa miaka mingi mkoromo ndio uliokuwa ukimwamsha mke, naye akamtikisa mume, na mume akavuta pumzi. Sasa mke amelala salama, na hakuna wa kusikia kimya.

Yafaa kujua kwamba tiba hizi mbili, kisu na mashine, ni za rika moja. Kabla yake mgonjwa mahututi alitobolewa tundu shingoni ili apumulie hapo usiku. Mwaka 1981 daktari Shiro Fujita na wenzake huko Marekani walichapisha maelezo ya upasuaji wa kupunguza kimio na kaakaa kwa ajili ya maradhi haya. Mwaka huohuo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha habari za mashine yao ya kwanza, ambayo injini yake ilitokana na mashine ya kufyonzea vumbi nyumbani, na barakoa yake iligandishwa usoni kwa gundi kila usiku. Anayelalamikia mikanda ya leo na awakumbuke wagonjwa wale wa kwanza, ambao waliikubali gundi hiyo kwa kuwa asubuhi walijihisi wamezaliwa upya.

Upasuaji una nafasi yake, wala hatuupingi. Mwenye mafindofindo makubwa sana hufaidika zaidi kuliko mwenye madogo, na pua iliyopinda ikinyooshwa, hata kama maradhi hayaishi, barakoa huvumilika na shinikizo linalohitajika huweza kupungua. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa upasuaji wa kaakaa ulifaulu kwa takriban wagonjwa 4 tu katika kila 10, tena kufaulu kwenyewe kulihesabiwa kuwa ni mikatiko kupungua nusu na kushuka chini ya 20 kwa saa. Kumbukeni mpaka wa mtu mzima mwenye afya ni 5. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuandikwa "amefaulu" na bado akahitaji mashine.

Kwa ajili hiyo, baada ya upasuaji wa koo mgonjwa hupimwa upya usingizini, kwa kawaida miezi mitatu hivi baadaye, uvimbe ukiisha kuondoka na kovu likitulia. Kipimo hicho si lazima kiwe cha kulala hospitalini. Viko vifaa vidogo mgonjwa hupewa akaenda navyo nyumbani, mkanda kifuani, kipima oksijeni kidoleni na mrija mwembamba puani, akalala navyo kitandani mwake. Mpaka majibu yatoke, mashine huendelea kuvaliwa kama kawaida, isipokuwa daktari mpasuaji amesema vingine. Katika barua yote ya mama huyu hatukuona mahali palipotajwa kipimo cha pili. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mashine ikirejea, huenda isikae usoni kama zamani, na hili watu wengi hawaambiwi. Kaakaa laini hufanya kazi ya pazia: mtu akivaa barakoa ya pua, kaakaa hukutana na ulimi na kuzuia hewa isitokee kinywani. Lililokatwa ukingo huweza kushindwa na kazi hiyo, na shinikizo likipanda kidogo hewa hutoka mdomoni. Mgonjwa huamka kinywa kikavu kama karatasi, usingizi umekatika, naye akasema mashine imeharibika. Haikuharibika. Mara nyingi dawa yake ni barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja, au mkanda laini wa kushikilia kidevu, na shinikizo kupangwa upya. Mashine hizi, ambazo wengi huzitamka "sipapu", hupimwa kwa sentimita za maji, na nyingi hufanya kazi kati ya 4 na 20. Ziko zinazojipandisha na kujishusha zenyewe koo linapobadilika, na kwa aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi hizo huwa nafuu, kwa kuwa koo la jana si la leo.

Tuache koo kidogo. Akina mama wengi wanaosoma safu hii wataingia chumba cha upasuaji kwa sababu nyingine: kujifungua, kutolewa uvimbe wa kizazi, nyongo, au goti. Mwenye maradhi ya kukatika pumzi, kwa upasuaji wowote ule, ana hatari yake. Nusukaputi na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hulegeza koo zaidi na kuupumbaza ubongo usimshtue mtu pumzi inapokatika. Na hatari haiishi siku ya upasuaji. Usiku wa kwanza mgonjwa hulala kwa kukatizwa-katizwa na maumivu na wauguzi. Usingizi mzito wa ndoto hurudi kwa nguvu usiku wa pili, wa tatu na kuendelea, na katika usingizi huo misuli hulegea kupita kiasi. Tafiti zimeona mikatiko ikiwa mingi zaidi karibu na usiku wa tatu, wakati ambao wengi wamekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani na jamaa wamejaa sebuleni na uji na mchuzi wa kuku.

Kwa hiyo mwambieni daktari wa nusukaputi mapema, na msingoje mpaka mlipo kitandani mnasukumwa ndani. Chukueni mashine pamoja na barakoa yake kwenda nayo hospitali, kwa kuwa ya wodini, kama ipo, haitawakaa. Mgonjwa alazwe ubavu, au kichwa na kifua viinuliwe, asilale chali. Mkipewa dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani, ulizeni kama ni ya jamii ya mofini, na kama paracetamol pamoja na nyingine isiyolevya zaweza kutosha. Kipima oksijeni cha kubana kidoleni, ambacho nyumba nyingi zilinunua wakati wa Korona na sasa kimelala kabatini, kitoeni kitiwe betri.

Tahadhari moja tena kuhusu mashine. Aliyefanyiwa upasuaji wa pua huwa amezibwa puani kwa pamba au kitambaa; asijilazimishe kuvaa barakoa ya pua. Na yule aliyetolewa uvimbe chini ya ubongo kwa kupitia puani asivae mashine kabisa mpaka mpasuaji wake aseme neno, maana hewa inayosukumwa yaweza kupenya mahali palipofunguliwa ikapanda kichwani. Haya huamuliwa na daktari aliyeshika kisu, si duka lililouza mashine.

Watoto ni mlango wao wenyewe. Kwa mtoto anayekoroma kila usiku, analala kinywa wazi, anatoka jasho usingizini na kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, sababu kubwa mara nyingi ni mafindofindo na nyama za puani, na upasuaji ndio tiba ya kwanza, tena nzuri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, uliona baada ya miezi saba kwamba asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji vipimo vyao vilirudi sawa, ikilinganishwa na asilimia 46 ya walioachwa kwa kuangaliwa tu. Mtasema basi, kama karibu nusu hupona wenyewe, haraka ya nini? Ni swali la haki, na kwa mtoto mwenye maradhi mepesi daktari huweza kukubali kungoja. Hata hivyo wako wasiopona hata baada ya kisu, hasa watoto wanene na wale wenye ugonjwa wa Down, na baadhi yao huhitaji mashine kama watu wazima.

Hapa tunawasihi akina mama: mtoto aliyetolewa mafindofindo asipewe kabisa dawa yenye kodini, iwe ya maumivu au ya kikohozi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali kuhusu jambo hili mwaka 2013, baada ya vifo vya watoto ambao miili yao huigeuza kodini kuwa mofini kwa kasi. Chupa ya kikohozi iliyobaki kutoka kwa baba isomwe kibandiko chake, kisha iwekwe mbali. Na wale ambao wangali wanampeleka mtoto kwa mkata kimio wa mtaani kwa sababu anakohoa, tafadhali wasifanye. Hatari ya kutokwa damu na kupata maambukizo ni kubwa, na kikohozi hakitoki kwenye kimio.

Turudi nyumbani kwa dereva wetu, kwa kuwa kazi kubwa iko huko. Mashine hii ni kama miwani: ukiivaa unaona, ukiivua maono yanarudi yalivyokuwa. Haitibu ikiwa kabatini, wala usiku mmoja katika minne. Aanze kuivaa akiwa macho, nusu saa jioni akisikiliza redio au akisoma, ili uso uizoee bila vita vya usingizi. Mashine nyingi zina namna ya kuanza na shinikizo dogo na kulipandisha polepole mtu akisinzia. Muuzaji aombwe aioneshe. Mikanda isikazwe sana. Kidonda juu ya pua mara nyingi ni dalili ya kukaza kupita kiasi au barakoa isiyo saizi yake, na kuikaza zaidi ni kuongeza kidonda bila kuziba hewa.

Ndevu zina hesabu yake. Barakoa kubwa ya kufunika mdomo huvuja penye ndevu nyingi, na wapo wanaume waliodhani ni lazima wachague baina ya ndevu na pumzi. Si lazima. Iko aina ndogo ya vijisponji vya mpira laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua tu, bila kugusa kidevu wala mashavu. Kwa aliyekatwa kaakaa huenda ikahitaji mkanda wa kidevu pamoja nayo, basi ajaribu zote mbili kabla ya kulipa. Kwa dada zetu, mafuta ya nazi kichwani na krimu ya usoni kabla ya kulala hula mpira wa barakoa na kuifanya iteleze. Uso uoshwe, ukaushwe, ndipo ivaliwe. Anayelala na udhu amekwisha kufanya nusu ya kazi. Leso nyepesi kichwani chini ya mikanda haidhuru kitu.

Na alfajiri je? Hapa ndipo, kwa maoni yetu, watu wetu wanapopotelea. Mtu huvua barakoa kwa ajili ya swala, akasali, akarudi kulala saa moja au mbili, na barakoa imebaki inaning'inia kitandani. Lakini usingizi wa ndoto, ule unaolegeza misuli zaidi, umejaa katika sehemu ya mwisho ya usiku. Kwa wengi saa zile za baada ya swala ndizo mbaya kuliko zote, na wao wanazipitia bila kinga. Ramadhani jambo hili huongezeka: kipande cha usingizi baada ya tarawehe, kingine baada ya daku, kingine adhuhuri. Kila kipande kina haki yake ya mashine. Anayetaka kujua hukumu ya kuivaa mchana akiwa amefunga, hasa yenye chombo cha kutia hewa unyevu, amuulize imamu wake, na amweleze vizuri kwamba ni hewa ya chumbani yenye unyevu, si dawa.

Chombo hicho cha maji nacho kina adabu zake katika pwani yetu. Maji ya kisima ya mitaa yetu mingi yana chumvi, na chumvi hiyo hubaki ndani ya chombo kama ukoko. Maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ya duka la dawa, ndiyo yanayofaa. Yasiwe yale ya kituo cha mafuta yanayoitwa maji ya betri, kwa kuwa baadhi ya watu kwa jina hilo humaanisha asidi. Maji ya jana humwagwa kila asubuhi, chombo kikakaushwa. Barakoa huoshwa kila siku kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, mpira wa hewa kila wiki, na vyote hukaushwa kivulini, si juani paani. Kichujio kitazamwe mara kwa mara, hasa kwa wanaokaa kando ya barabara ya vumbi. Wakati wa kaskazi hewa yetu huwa na unyevu wa kutosha, na wengine hukizima chombo cha maji kabisa wasione tofauti. Wenye viyoyozi watakihitaji. Feni ikielekezwa kwenye mpira wa hewa, mvuke huganda humo na kumtonea mtu puani, isogezwe.

Umeme ukikatika usiku mashine huzimika, na wengi huogopa kufa kwa kukosa hewa ndani ya barakoa. Barakoa kubwa zina kilango kinachofunguka chenyewe hewa isiposukumwa, na zote zina matundu ya kutolea pumzi, lakini hata hivyo mtu aamke aivue, alale ubavu. Mwenye uwezo anunue betri inayokubaliana na mashine yake, na akiwa anatumia betri azime kipasha maji, kwani hicho ndicho kinachokula umeme mwingi.

Mashine zilizotumika zimekuwa nyingi. Ndugu walio Ulaya, Marekani na Ghuba huzileta kwa nia njema, nyingine huuzwa mitandaoni. Kabla ya kuipokea, tazameni jina na nambari yake. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita zirudishwe mamilioni ya mashine zake za kupumulia, kwa sababu sponji iliyowekwa ndani kupunguza kelele iliweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa pamoja na hewa. Nambari iliyoandikwa chini ya mashine humwezesha mtu kuuliza kama yake ni miongoni mwao. Iliyo salama nayo inunuliwe barakoa mpya, mpira mpya na kichujio kipya, kisha ipelekwe ikapangwe kwa jina la mgonjwa mpya.

Mama aliyetuandikia hakujitaja yeye mwenyewe ila kwa ile sentensi moja, kwamba sasa anapata kulala. Tungependa ajiulize na yeye. Maradhi haya kwa wanawake hujificha. Mkoromo huwa mdogo, na malalamiko ni uchovu usioisha, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa asubuhi na moyo mzito, mambo ambayo husemwa ni ya malezi, au ya umri, au ya hasada. Hatari huongezeka wakati wa mimba na tena baada ya hedhi kukoma. Wengi wao huandikiwa dawa za usingizi kabla hajatokea mtu wa kuwauliza wanavyopumua.

Basi wiki hii: mashine irudi kutoka kwa ami. Mke akae macho saa moja baada ya mume kulala, na saa moja tena baada ya Alfajiri, amtazame kifua na kinywa, ahesabu kimya kwa sekunde, aandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo na ile kadi ya mashine yenye kumbukumbu za kila usiku ziende kwa daktari wa koo na masikio, na kipimo kipya kiombwe kwa jina lake. Mashine yenyewe huonyesha asubuhi saa zilizovaliwa, hewa iliyovuja na mikatiko iliyobaki kwa saa. Mke ajifunze kuisoma, na hesabu ikizidi 5 mara kwa mara wapige simu kliniki. Utingo naye aambiwe ukweli. Miraa ambayo baadhi ya madereva huitegemea huficha usingizi tu, haifungui koo, na mtu akiimaliza usingizi humrudia papo hapo, gari likiwa bado linakimbia.

Waliotuuliza kuhusu kusafiri na mashine kwenda Hijja, na hasa suala la barakoa na mikanda ya kichwani katika ihramu, barua zao tumezifikisha kwa wanazuoni, na majibu yao tutayachapisha wiki ijayo inshallah. Kwa sasa tuwaambie tu kwamba mashine hubebwa mkononi ndani ya ndege, haiwekwi kwenye mizigo ya chini, pamoja na barua ya daktari.